Ziba Njia

Ukikaribishwa sebuleni kwa watu wa Nsemulwa, hapa Mpanda, angalia ukutani. Pembeni ya kalenda na saa utakuta picha ya mtu wa nyumba ile amesimama wima, mikono imeshuka, na nyuma yake kuna njia nyembamba ya miguu inayoteremka katikati ya miamba hadi kwenye maji. Maji ni ya Ziwa Tanganyika, na njia iko kisiwani. Lakini mara nyingi mtu wa kwenye picha hajawahi hata kuliona ziwa. Alisimama mbele ya turubai, ndani ya studio ya chumba kimoja, na aliyempiga picha alimwambia maneno ambayo alituambia sisi sote: "Sogea katikati. Hapo hapo. Ziba njia."

Ninataka kueleza habari za mtu huyo. Mtaani tulimwita Fundi. Mimi humu nitamwita Mpiga Picha. Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, maana mwenyewe akiulizwa alijibu kwa kifupi kwamba watu wake walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini, kwamba ng'ombe hawakumpenda, na kwamba kamera haipigi teke. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kazi ya kueleza imeniganda mwilini kama chaki. Nitakwenda polepole.

Studio yake ilikuwa na stuli moja, taa mbili za miguu mirefu, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba ukutani ili kisitembee na wateja. Nyuma ya mlango lilining'inia koti jeusi la kuazima kwa picha za pasipoti. Koti lile limevaliwa na mji mzima. Wapo wakubwa wa ofisini ambao kwenye kitambulisho wamevaa koti moja na muuza karanga wa stendi, na hawajui. Kila jioni alilipiga brashi, akafagia, akafuta kioo, akapanga waya za taa. Vumbi la Mpanda unalijua wewe mwenyewe. Kwake halikupata pa kulala.

Sasa, ukimwona mtu msafi namna hiyo utafikiri hata picha zake zitakuwa safi. Hazikuwa. Akitoka nje ya studio kwenda kwenye harusi, kipaimara au maulidi, hakukubali kitu chochote kiondolewe mbele ya kamera. Nguo zikiwa kwenye kamba, zitatokea. Mbuzi akipita, atatokea. Nakumbuka harusi moja ya mtaa wa pili. Maharusi walikuwa wamepangwa mbele ya nyumba, na karibu na goti la bwana harusi kulikuwa na ndoo ya kijani yenye maji ya kunawa. Shangazi wa bibi harusi akainama kuiondoa.

"Mama, iache," Mpiga Picha akasema.

"Niache ndoo kwenye picha ya harusi?"

"Iache ilipo."

"Kwani Fundi, ndoo nayo ni mjomba wa bibi harusi?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alishusha kamera kifuani, akasema taratibu, "Ndoo tumeikuta, shangazi. Nikianza kuondoa vitu, nitajua wapi pa kuishia?"

Picha ile ipo mpaka leo. Ndoo imetoka vizuri kuliko bwana harusi, ambaye alifumba macho.

Vijana walimtania sana, hasa zilipokuja simu zenye kulainisha nyuso. Binti akimwambia, "Fundi, nifutie hizi chunusi, nitoke mkali," alikubali bila ubishi. Lakini binti huyo huyo akiomba na kovu la shavuni lifutwe, alikataa. "Chunusi ni za wiki hii," alisema. "Kovu ni lako. Nikilifuta, mama yako atauliza huyu ni nani." Wengine walinuna wakaenda studio nyingine, wakafutwa hadi pua. Wengi walirudi.

Kitu kingine kilichowachekesha watu ni tabia yake kwenye njia panda. Msafara wa harusi ukitoka kanisani, yeye huwa kwenye gari la mbele ili awahi kupiga picha za kuingia ukumbini. Basi wakifika njia panda ya Makanyagio atamgusa dereva bega: "Simama." Atashuka, atasimama pembeni ya barabara na kamera yake, na atawaonyesha kwa mkono, gari kwa gari, bodaboda kwa bodaboda, mpaka wa mwisho apite. Ukumbini watu wanasubiri, wali unapoa. Mshehereshaji mmoja alimsema kwenye kipaza sauti: "Tungeanza mapema, lakini Fundi wetu siku hizi ni trafiki!" Mpiga Picha alipokaa karibu yangu nilimuuliza kwa nini anajisumbua, barabara ya lami si inajulikana na kila mtu? Alijibu, "Mwalimu, kwenye njia panda anayejua ndiye asubiri." Nilidhani ni methali ya kwao.

Hapa inafaa nieleze habari ya turubai, maana bila hiyo hutamwelewa.

Zamani studio ile ilikuwa na pazia lililochorwa ndege na ngazi, kama ungetaka uonekane unasafiri. Mpiga Picha alikuwa na rafiki, mtu wa Mwese, vijiji vile vya milimani magharibi mwa mji ambako barabara ni mbovu na watu wana miguu ya chuma. Rafiki huyo alikuwa mcheshi, mpenda mazungumzo, mtu wa kusimama kila penye watu wawili. Wote wawili walipenda kutembea. Kila kiangazi walipanda gari la Karema, wakalala ziwani, asubuhi wakavuka kwa boti hadi kwenye kisiwa kimoja kidogo cha miamba, wakakizunguka kwa miguu huku Mpiga Picha akipiga picha na mwenzake akimbebea miguu ya kamera na kumtania. Katika kwenda na kurudi, Mpiga Picha akamfahamu dada wa rafiki yake, akamwoa. Tangu hapo rafiki akawa shemeji.

Mwaka ule ziwa lilipopanda na kula nyumba za ufukweni, walikwenda kama kawaida. Shemeji hakurudi. Tulichoambiwa ni kwamba alibaki nyuma akiongea na akina mama wanaoanika dagaa, kisha akafuata peke yake, na alipofika mahali ambapo njia inagawanyika akashika ile inayoshuka majini. Chini maji yalikuwa yameshakula ardhi kwa ndani. Ukingo ulivunjika naye. Wavuvi walizamia, wakatupa nyavu, wakamtafuta hadi wakachoka. Ziwa halikumrudisha. Msiba ulikaliwa Mwese bila mwili, na hiyo ndiyo habari niliyoijua mimi kwa miaka.

Siku ile, kabla ya ajali, Mpiga Picha alikuwa ameipiga picha njia yenyewe. Baada ya msiba mkewe aliikuta kwenye kompyuta. Akauliza, "Hapa ndipo alipopita?" Akajibiwa ndiyo. Akaihamishia kwenye flashi, akaipeleka kwa watu wa mabango mjini, na mume aliporudi kutoka kazini akaikuta imepigiliwa ukutani, kubwa kuliko mlango, ndege na ngazi vimekunjwa pembeni.

"Wenzangu wana kaburi la kupalilia," mkewe alimwambia. "Mimi nina hili."

Alilipangusa turubai hilo kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu, kuanzia juu kwenye matawi hadi chini kwenye mchanga. Mimi nilikuwa nikipita kununua maziwa namwona. Alipangusa kwa uangalifu, kama mtu anayemwosha mtoto uso.

Na mumewe aliwasimamisha wateja pale pale. Ziba njia. Alikuwa mkali kwa hilo. Ukisogea kidogo kushoto, njia ikaonekana begani kwako, aliacha kamera, akaja, akakushika mabega na kukurudisha. Familia ya watu wengi aliibananisha mpaka watoto wakalia. Tulidhani ni ufundi wa mwanga.

Watu wakifiwa huku kwetu hukimbilia studio, maana jeneza halitoki bila picha ya kutangulia mbele yake. Wapo wasio na picha yoyote isipokuwa ile waliyopiga kwa Mpiga Picha. Kwa hiyo marehemu wetu wengi wamesimama mbele ya njia ile. Mke wangu ni mmoja wao. Alipofariki nilikwenda studio nikiwa kama mtu aliyepigwa na jua. Mpiga Picha aliitafuta picha yake, akaikuza, akaitazama kwa muda mrefu kabla ya kunipa. Kisha akaniambia, "Amesimama vizuri sana, Mwalimu. Hapo hapiti mtu." Sikuelewa. Nilidhani mtu mwenye huzuni anasikia maneno ovyo. Lakini usiku na mchana yalinirudia, na picha ile ukutani kwangu nikawa siitazami uso wa mke wangu tu, natazama na nyuma yake.

Nilipostaafu ndipo alinichukua kuwa mwenzake wa safari. Alisema mwalimu aliyekaa nyumbani huoza. Tukawa tunakwenda kila kiangazi, sisi wawili, na ninamshukuru, maana pale kisiwani nilijifunza tena kuvuta pumzi. Njia inaanzia kwenye kambi ya wavuvi. Unapita katikati ya vichanja vya dagaa, unawasalimu akina mama, unapewa migebuka ya kukaanga upende usipende. Kisha unapanda mwamba, unaingia kwenye miti, na kote kule ziwa linakufuata upande wa kulia, mara bluu, mara jeupe, limetulia kana kwamba halijawahi kufanya lolote. Alinifundisha kupiga picha kwa simu. Alinisifu hata nilipokata watu vichwa. "Umepata miguu vizuri," alisema. "Kesho utapata na vichwa."

Jambo moja tu: hakukubali kutangulia. "Tangulia, Mwalimu." Nikisimama kufunga kamba ya kiatu, naye amesimama. Nikiingia kichakani kwa haja, nikitoka namkuta palepale. Nilijua ni heshima kwa umri wangu, ingawa tunalingana.

Mwaka jana tulifika mahali penye njia mbili asubuhi, jua likiwa limeshaingia kati ya miamba. Ile ya juu inaendelea kwenda kambi ya pili. Ile ya chini sasa ni kipande kifupi tu. Unaiona inashuka, halafu inaingia majini na kuishia humo. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Nikatoa simu yangu nipige. Mbele yangu palikuwa na kijiti kikavu chenye majani mawili matatu, kimelala chini, kinaharibu. Nikainama nikiondoe.

"Acha!"

Haikuwa sauti ya rafiki yangu niliyoizoea. Ndege waliruka majini. Nilipogeuka nilimwona ameshika kichwa kwa mikono miwili, kamera inaning'inia tumboni.

"Kijiti tu, Fundi," nikasema.

"Kiache. Mwalimu, nakuomba, kiache."

Akaketi chini, palepale njiani, na suruali yake iliyopigwa pasi. Nikaketi karibu yake. Miaka ya darasani imenifundisha kwamba mtoto anayetaka kusema hasukumwi. Nikamenya chungwa.

Kabla sijaandika alichosema, nieleze desturi moja kwa wasioijua. Watu wa milimani na wa ziwani wakitembea kwa kuachana, wa mbele anapofika njia panda na kujua kwamba njia moja ni mbaya, huvunja tawi lenye majani akalilaza kwa kukingama kwenye ile mbaya. Halafu anaendelea. Wa nyuma, hata akija kesho yake, akiona tawi hapiti. Hakuna anayelipuuza na hakuna anayeliondoa, isipokuwa njia yenyewe imepona.

"Palikuwa na tawi," Mpiga Picha akaniambia. "Siku ile. Wavuvi walikuwa wameliweka. Mimi nilifika hapa kwanza, yeye yuko nyuma anacheka na akina mama, namsikia kabisa. Mwanga ulikuwa kama huu. Njia inashuka mpaka kwenye maji kama imechorwa, na tawi limekaa katikati kama uchafu. Nikalitupa kando. Nikapiga."

Nikampa kipande cha chungwa.

"Sisi watu wa ng'ombe, tawi likiwa njiani unalitoa, ng'ombe wapite. Ndivyo nilivyolelewa. Hicho ndicho najiambia nikiamka. Lakini mimi nimeoa Mwese, Mwalimu. Nilikwisha kuonyeshwa maana yake. Na aliyenionyesha ni yeye, shemeji mwenyewe."

"Hukukusudia."

"Nilikusudia kulirudisha. Kisha nikaona mtumbwi unakunja kona kule mbele, umepakia nyavu, nikasema huu nisiukose. Nikakimbia."

"Uliuwahi?"

"Niliuwahi. Picha nzuri." Akaokota lile ganda la chungwa nililotupa, akaliweka mfukoni mwake. "Wavuvi walipokuta tawi halipo wakasema upepo. Mzee mmoja wa kambi akasema leo upepo ulitoka wapi? Akanitazama. Nikatazama chini. Wakasema labda mbuzi. Nikaacha iwe mbuzi."

Basi ndoo ya kijani, kovu la binti, njia panda ya Makanyagio, mabega yetu aliyoyashika na kuyarudisha katikati, vyote vikaja kukaa mahali pake, na sikupenda vilivyokaa. Nilimfikiria mke wangu ukutani. Alikuwa amewekwa pale kama tawi. Sote tulikuwa tumewekwa pale.

"Kwa nini unaniambia leo?" nikamuuliza.

"Kwa sababu kiangazi kijacho anataka kuja mwenyewe. Amechoka na turubai. Anataka asimame hapa, amwage unga, amwite kaka yake kwa jina. Na yule mzee bado yuko kambini, umempa mkono saa ile. Atamsimulia. Watu wa kambini husimulia."

"Basi mwambie wewe kabla yake."

"Nikimwambia namnyang'anya kaburi. Ile picha ndipo mkono wangu ulipolitoa tawi. Anaipangusa kila siku, Mwalimu! Anaipangusa!"

"Anapangusa kitu asichokijua."

"Ataondoka."

"Huenda."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nyie walimu kwenu rahisi. Mtoto akikosea, unafuta ubao."

"Hatufuti," nikamwambia. "Jibu baya tunaliacha hapohapo, tunaandika la kweli pembeni yake, watoto wote waone. Kufuta ni baadaye."

Tulipoinuka alivunja tawi la mti wa karibu, lenye majani mabichi, akasogea nalo hadi kwenye ile njia ya chini. Akasimama nalo. Akaliinua, akalishusha. Maji yalikuwa yanapiga mwamba polepole, pu, pu, mahali ambapo zamani watu walipita. Mwishowe akaliegemeza kwenye mti alikolivunja.

"Si mimi wa kuliweka," akasema.

Wakati wa kurudi alitangulia yeye. Ilikuwa mara ya kwanza. Na mimi niliyekuwa nyuma, nakiri kwamba niligeuka mara kadhaa kutazama kama kuna anayetufuata, maana nilisikia hatua. Miamba hurudisha sauti; niliwafundisha watoto jambo hilo kwa miaka mingi. Bado niligeuka.

Siku chache baada ya kufika mjini, studio ilifungwa. Mtaa ukaanza kutengeneza habari. Kijana mmoja wa bodaboda alinisimamisha: "Mwalimu, shikamoo. Fundi vipi, kafulia? Mke kaonekana stendi na mabegi." Nikamwambia aendeshe pikipiki yake.

Nilikwenda kugonga. Mlango haukuwa umefungwa kwa ndani. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja, katikati, turubai nyuma ya mgongo wake, amejiziba njia mwenyewe. Ndani palikuwa na vumbi. Kioo kilikuwa na vumbi, na koti la pasipoti, na turubai.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua mpaka akamaliza. Akaniuliza kitu kimoja tu. 'Kulikuwa na upepo?' Nikasema hapakuwa na upepo. Akainuka, akafunga mzigo, akaenda kwao."

"Na ule mchele?"

"Upo kwenye ungo. Sijaugusa."

Nilikaa naye hadi adhuhuri. Nilifagia chumba, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya, na mtu akishindwa kusaidia kwa maneno asidharau ufagio. Turubai sikuligusa. Mvua zikaanza, barabara ya Mwese ikawa tope, habari zikakatika. Nilimpelekea chakula mara kwa mara. Alikula kidogo, akarudisha vyombo vimeoshwa. Watu waliohitaji picha za misiba waligonga wakaondoka. Kuna mzee mmoja wa jirani alizikwa bila picha, na hilo lilisemwa sana.

Sasa nifike kwenye siku ambayo imenifanya niandike haya.

Mvua zilikuwa zimekatika. Nilikuwa nakwenda kununua maziwa nikaona mlango wa studio uko wazi na taa zinawaka. Nikapiga hodi.

"Karibu, Mwalimu. Lakini pita upande huu," sauti ya mwanamke ikasema. "Hilo chini usiliguse."

Mke wake alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, kitenge cha safari bado kiunoni, miguu imejaa tope jekundu la Mwese lililokauka. Mume alikuwa nyuma ya kamera, amekonda, amenyoa. Na sakafuni, mbele ya turubai, pale ambapo njia ya kwenye picha inaanza, lilikuwa limelazwa tawi. Tawi la kweli, refu, la mti wa milimani, majani yake yameanza kunyauka kwa safari. Lilikuwa limekingama njia kutoka ukingo hadi ukingo.

"Umefika lini, Dada?" nikauliza.

"Jana. Nimekuja nalo kwenye pikipiki, dereva ananiuliza mama, Mpanda hakuna kuni?" Alitabasamu upande mmoja wa mdomo, kisha tabasamu likaisha. "Nimelikata mlangoni kwa mama. Mama ndiye aliyeniambia. Alisema, 'Umekaa hapa unalia mvua nzima, na njia ya kaka yako bado iko wazi kule mjini, watu wanasimamishwa pale.'"

Mpiga Picha alikuwa anafuta lenzi. Ilikuwa imeshatakata.

"Usiende kutangaza kwamba nimesamehe, Mwalimu," mkewe akaendelea. "Sijasamehe. Sijui hata hilo neno linakaaje mdomoni. Angeniambia siku ile ile, ningeliweka siku ile ile. Ningeenda na miguu yangu mpaka kisiwani, niliweke. Miaka yote hii napangusa njia iliyo wazi."

"Kiangazi utakwenda?"

"Nitakwenda. Na yeye atakwenda. Ataniambia mbele ya yule mzee, kwa mdomo wake, kwamba si upepo wala si mbuzi." Hakumtazama mumewe aliposema hivyo. Mumewe aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu anayeitikia jina lake kwenye mahudhurio.

Hapo akaingia mama mdogo wa umri, amebeba mtoto mchanga aliyevikwa kofia ya sufu, akaomba picha ya kumtumia baba yake mtoto aliyeko machimboni. Mpiga Picha akawasha taa ya pili. Akamwonyesha pa kusimama. Yule mama akaliona tawi, akasita.

"Hili nilitoe?"

"Hapana," wakasema wote wawili, mume na mke, kwa pamoja. Nilisikia sauti zao zikigongana, na nadhani ndilo neno la kwanza walilosema pamoja tangu arudi.

Yule mama akalikwepa, akajisogeza mbele ya tawi, akamwinua mtoto uso uonekane. Mpiga Picha akaingiza jicho kwenye kamera. Mkono wake ukanyooka kama ulivyonyooka kwetu sote.

"Sogea katikati," akasema. "Hapo hapo. Zi..."

Neno likamkwama. Mkono ukabaki hewani. Mtoto akaanza kulia kidogo.

Mke wake akainuka kwenye benchi. Akaenda kwa yule mama, akamshika mabega taratibu, akamsogeza kando hatua moja, hata njia yote ikaonekana nyuma, kutoka kwenye tawi hadi kwenye maji.

"Simama tu unavyopenda, mwanangu," akamwambia. "Imeshafungwa."